Mchagua plagi si mvivu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimsuta yule ambaye mvua ikishuka hukaa ghalani akilaumu mipini, ilhali wenziwe wamekwisha kugeuza udongo. Msemo huo una haki yake shambani. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo hekima hiyo, ikichukuliwa kama ilivyo, humtia mtu hasarani, nayo ni kazi ya kuchagua vipuri vya mfumo wa kuwashia gari la zamani. Hapa asiyechagua ndiye asiyekuwa fundi. Huchukua koili yoyote, plagi yoyote na kondensa yoyote aliyouziwa, akazifunga. Gari likanguruma kwa muda, kisha likazima porini usiku pamoja na abiria na mizigo yao. Hapo ndipo husikika kauli tuliyoizoea, kwamba gari hili limezeeka na halifai tena.

Naandika haya kwa walimu na wanafunzi, wala sikupotea njia. Najua wengi wao hawana gari la kale, na pengine hawatakuwa nalo maishani. Lakini chini ya boneti ya gari lililoundwa miaka 50 au 60 iliyopita mna somo zima la fizikia ambalo mwanafunzi hulikariri darasani bila kuliona likifanya kazi. Anayejua kuchagua koili ameelewa kanuni ya Ohm. Anayejua kwa nini plagi hii inafaa na ile haifai ameelewa habari za joto na shinikizo. Na anayebahatisha, hata awe na cheti, hajaelewa.

Magari ya kale si mageni katika nchi hii. Mashindano ya Safari yalianza 1953, na miaka iliyofuata ilitujengea historia ambayo wazee wanaisimulia hadi leo. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na ndugu yake mdogo, Peugeot 504, akafuata 1975 na 1978. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 akiendesha Volvo, kisha 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi. Shekhar Mehta alitwaa ushindi mara tano akiwa na Datsun, mara nne kati ya hizo zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Maonyesho ya Concours d'Elegance yalianza jijini Nairobi miongo kadhaa iliyopita, na mashindano ya Safari Classic, yaliyotengewa magari ya kale, yakaanza 2003.

Watu wengine husema kuwa mambo haya ni burudani ya matajiri wenye muda wa kupoteza. Kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Kweli wapo wanaong'arisha magari yao kwa ajili ya maonyesho. Lakini Peugeot 504 iliunganishwa papa hapa Kenya hadi 2004, na pikapu zake zilibeba maziwa, kabeji, mabati na hata wagonjwa kutoka vijijini. Yupo mzee ambaye pikapu hiyo ndiyo shamba lake la pili. Yupo mjane aliyeachiwa Volkswagen na mumewe, nayo ndiyo inayowafikisha wajukuu shuleni. Mtu wa namna hii akiambiwa atoe injini na kutia ya gari jingine kwa sababu tu cheche imekuwa dhaifu, huwa ametumbukizwa katika gharama ambayo mara nyingi ingeepukwa kwa kipuri kimoja kidogo kilichochaguliwa kwa makini. Hao ndio wanaonifanya nilitetee jambo hili.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla ya kuchagua kipuri, sharti tujue mfumo wenyewe uliundwaje. Mnamo 1831 Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba uga wa sumaku unapobadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Miaka karibu 80 baadaye, Mmarekani Charles Kettering aliitumia kanuni hiyo kubuni mfumo wa kuwashia injini kwa betri, nao ukatiwa katika magari ya Cadillac ya 1910. Mfumo huo, pamoja na marekebisho madogo madogo, ndio uliotawala magari ya petroli hadi miaka ya 1970, vifaa vya elektroniki vilipoanza kushika nafasi yake.

Utendakazi wake ni kama ifuatavyo. Betri hupeleka mkondo wa umeme katika koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa katika kiini kimoja cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache ya mamia, na mwingine mwembamba sana wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Mkondo unapopita katika ule mnene, uga wa sumaku hujengeka. Kisha pointi zilizomo ndani ya distribyuta hufunguka, mkondo hukatika ghafla, na ule uga huporomoka. Kuporomoka huko ndiko kunakozalisha katika waya mwembamba umeme wa volti 10,000 na zaidi. Umeme huo hupitia waya mnene wa katikati hadi kwenye kifuniko cha distribyuta, rota ikaugawia kila plagi kwa zamu yake, na cheche ikaruka ndani ya silinda wakati mchanganyiko wa petroli na hewa umekandamizwa.

Hebu tupige hesabu kidogo. Injini ya silinda nne, ya mapigo manne, huhitaji cheche moja katika kila silinda kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, basi huhitaji cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Ikiendelea hivyo kwa saa sita, muda ambao msafiri anaweza kuutumia kutoka Nairobi hadi Mombasa, pointi zitakuwa zimefunguka na kufunga zaidi ya mara milioni mbili. Kifaa kinachofanya kazi ya namna hiyo hakistahili kuchaguliwa kwa rangi ya kisanduku chake.

Tuanze na koili, kwani hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Kwa macho, koili nyingi hufanana: mkebe wa duara, vichwa viwili vya waya mdogo kandoni na tundu la waya mkubwa katikati. Kumbe zimegawanyika. Ipo koili ambayo ukinzani wa waya wake mnene ni karibu omu 3, nayo hufanya kazi kwa volti 12 moja kwa moja. Ipo nyingine yenye ukinzani wa karibu omu 1.5, ambayo haikukusudiwa kupokea volti 12 zote wakati injini inaendeshwa. Hiyo hutegemea rezista ya pembeni, au waya maalumu wenye ukinzani, upunguze nguvu kabla umeme haujaifikia. Wakati wa kuwasha tu, betri ikiwa imelemewa na stata, ndipo rezista hiyo hurukwa ili cheche isififie.

Sasa mwanafunzi achukue kanuni ya Ohm. Volti 12 zikigawanywa kwa omu 3 hutoa ampea 4. Volti hizo hizo zikigawanywa kwa omu 1.5 hutoa ampea 8. Kwa hiyo anayefunga koili ya omu 1.5 katika gari lisilokuwa na rezista huzidishia pointi mzigo maradufu. Gari litawaka vizuri, tena pengine vizuri kuliko jana, na mwenyewe atalisifia duka. Baada ya muda koili itachemka, pointi zitaungua, na safari itakatika. Anayefanya kinyume, akafunga koili ya omu 3 nyuma ya rezista, hatachoma kitu. Atapata tu cheche iliyokonda na gari lisilotaka kuwaka asubuhi ya baridi. Makosa yote mawili yangeepukwa kwa kipimo cha nusu dakika kwa kutumia mita ya umeme, kifaa kilichomo katika maabara ya shule nyingi za sekondari.

Aidha, si kila gari la kale ni la volti 12. Volkswagen Beetle nyingi zilizoundwa kabla ya 1967 zilikuwa za volti 6. Na magari mengi ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwa na upande chanya wa betri umefungwa kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu koili ina upande wake sahihi. Ikifungwa kinyume, gari huweza kuwaka, lakini cheche hulazimika kuruka kutoka upande wa plagi ulio baridi badala ya ncha ya katikati iliyo moto, na kwa hiyo huhitaji volti nyingi zaidi. Dereva huhisi gari limepungukiwa na nguvu mlimani, akabadilisha kabureta, akabadilisha pampu, na ugonjwa ukabaki palepale.

Pointi na kondensa ni mtu na pacha wake. Pointi ni vipande viwili vya madini vinavyogusana na kuachana. Kondensa hukaa kando yake ikimeza ule mkondo unaotaka kuruka pindi vipande vinapoachana. Uwezo wa kondensa ya kawaida ni takriban mikrofaradi 0.2. Ikifa, pointi hurusha cheche zao wenyewe, huungua na kuwa nyeusi, na cheche ya plagi hudhoofika, kwa sababu uga wa sumaku hauporomoki tena kwa ghafla. Fundi anayebadilisha pointi kila mwezi bila kuishuku kondensa ni sawa na mtu anayefuta maji sakafuni huku bomba linavuja.

Katika kuzichagua, kwanza tazama namba ya distribyuta yenyewe wala si jina la gari tu. Modeli moja ya gari iliweza kutoka kiwandani ikiwa na distribyuta ya mtengenezaji huyu mwaka mmoja na ya mwingine mwaka uliofuata. Pili, tazama kile kisigino cha pointi kinachosuguana na mhimili. Kikiwa cha plastiki laini kitalika upesi, na kikilika nafasi ya pointi hupungua na cheche huchelewa. Ndiyo maana wakongwe hupaka grisi kidogo sana kwenye mhimili huo. Nafasi yenyewe hupimwa. Kwa Volkswagen Beetle, kwa mfano, ni milimita 0.4. Huo ni unene wa karatasi chache tu, na haupimwi kwa ukucha wala kwa kipande cha pakiti ya sigara. Na ikumbukwe kwamba nafasi ya pointi hurekebishwa kwanza, majira ya cheche baadaye, kwa kuwa ukiigusa ya kwanza umekwisha kuyabadili ya pili.

Kuhusu kondensa nina rai ambayo huenda isiwafurahishe wauzaji. Ikiwa kondensa ya zamani iliyotoka na gari bado inafanya kazi, usiitupe kwa sababu tu umenunua pointi mpya. Miongoni mwa kondensa mpya zinazouzwa leo zimo zilizoundwa kwa pupa, na hazistahimili joto la injini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ile ya zamani iweke ndani ya gari, imefungwa vizuri kwa kitambaa. Kuna siku itakurudisha nyumbani.

Rota na kifuniko cha distribyuta huonekana kuwa vitu duni, vipande vya plastiki tu. Lakini plastiki hiyo ndiyo inayozuia volti elfu kadhaa zisitoroke. Kifuniko chenye ufa mwembamba kama unywele hufanya kazi kiangazi chote, kisha masika yakifika na ukungu ukashuka Limuru, unyevu huingia katika ule ufa na umeme ukapata njia ya mkato. Rota nazo zina siri yao. Katika baadhi ya zile za bei nafuu, riveti inayoshikilia bamba la shaba imekaribiana mno na mhimili wa chuma ulio chini yake, na umeme huitoboa plastiki na kutorokea huko. Anayenunua na aigeuze rota, aitazame chini, aulize maswali.

Nyaya za plagi zipo za aina mbili kuu. Zipo zenye moyo wa shaba, ambazo hudumu na hupitisha umeme bila kizuizi, lakini huvuruga redio. Zipo zenye moyo wa kaboni, ambazo zina ukinzani wa makusudi wa kutuliza mvurugo huo. Kwa gari linalotumia pointi, zote mbili zafaa. Kwa gari lililotiwa kifaa cha elektroniki, nyaya za shaba tupu zaweza kukivuruga kifaa chenyewe, na hapo zile zenye ukinzani huwa lazima.

Sasa tufike kwenye plagi. Mnunuzi wa kawaida hutazama kama uzi wa skurubu unaingia. Ukiingia, hulipa akaenda zake. Plagi nyingi za magari ya kale zina uzi wa milimita 14, lakini urefu wa uzi huo hutofautiana. Zipo za milimita 12.7, kama zile za Beetle, na zipo za milimita 19. Ukitia ndefu mahali pa fupi, ncha yake hujitokeza ndani ya silinda na yaweza kugongwa na pistoni. Ukitia fupi mahali pa ndefu, cheche hubaki shimoni, na uzi ulioachwa wazi hujaa masizi.

Kisha kuna daraja la joto. Plagi ya moto ni ile inayochelewa kupoteza joto, nayo huyaunguza masizi yake yenyewe. Hufaa gari la mwendo wa pole na safari fupi. Plagi ya baridi hupoteza joto upesi. Hufaa injini inayofanyishwa kazi ngumu kwa muda mrefu. Balaa ni kwamba viwanda havikubaliani katika namba zao. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Anayehama kutoka kiwanda kimoja hadi kingine kwa kufuata namba tu huenda akaelekea kusini akidhani anaelekea kaskazini. Dawa yake ni jedwali la kulinganisha linalotolewa na watengenezaji wenyewe, na mwenye duka asiyekuwa nalo hana budi kuulizwa kwa nini.

Nchi yetu yenyewe huongeza sura nyingine katika kitabu hiki. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Mombasa iko ufuoni. Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Silinda hujaa kidogo, na mchanganyiko huungua polepole zaidi. Fundi wa Nairobi anayepanga majira ya cheche kwa sikio huweza kuyatanguliza kuliko kitabu kinavyosema, na gari likapanda Limuru kwa raha. Gari hilo hilo likiteremka pwani, hewa nzito na joto hulifanya ligonge, ile sauti ya kama mbegu kavu ndani ya mkebe. Kugonga huko kukiachwa huharibu pistoni. Kwa hiyo majira hupangwa kwa taa yake maalumu kwa kufuata kitabu, na anayeyabadilisha kwa ajili ya mwinuko akumbuke kuyarudisha anaposhuka.

Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: je, tuziache pointi kabisa na kutia kifaa cha elektroniki? Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuingiza mfumo huo katika magari yake yote ya soko la kwao mnamo 1973, na leo vipo vifaa vidogo vinavyofichika ndani ya distribyuta ya kale, vingine vikitumia sumaku na vingine mwanga. Faida zake si uongo. Hakuna kisigino cha kulika, majira hayahamihami, na cheche hubaki imara. Kwa pikapu inayofanya kazi kila siku, mbali na fundi anayejua pointi, naona ni uamuzi wa busara.

Lakini wanaovisifu husahau kutaja masharti. Kifaa hicho sharti kilingane na koili: kile kilichoundwa kwa omu 3 kitaungua kikipewa omu 1.5. Sharti kilingane na upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Hakipendi ufunguo uachwe umewashwa huku injini imezima. Na kubwa kuliko yote, pointi zikichoka hutoa ishara: gari hukohoa, husuasua, humpa dereva nafasi ya kuzisugua kwa msasa kando ya barabara. Kifaa cha elektroniki kikifa, mara nyingi hufa bila kuaga. Ndiyo maana nawashauri wanaokitia wasitupe bamba la zamani na pointi zake. Waliweke ndani ya gari pamoja na bisibisi, na wajifunze kulirudisha.

Wanaoshikilia pointi kwa sababu ya uasili nao wana haki yao, hasa ikiwa gari ni la maonyesho au la kufundishia. Ninalolikataa ni ushabiki. Uamuzi huu ufuate kazi ya gari na ujuzi wa mwenyewe, na mfumo mzima uchaguliwe kwa pamoja. Koili ya mbio, plagi za bei ya juu na kondensa ya kuokota haviwezi kuishi nyumba moja.

Hapo tunaingia katika soko. Vipuri bandia ni donda la miaka mingi. Bunge letu lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi mnamo 2008, na mamlaka ya kuisimamia ikaundwa, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila kaunta. Rahisi ni ghali. Mnunuzi ajilinde kwa desturi chache. Abebe kipuri cha zamani mkononi, akilinganishe na kipya kwa macho na kwa mita. Aandike namba kamili badala ya kutaja jina la gari. Atazame maandishi ya kisanduku, kwani waghushi wengi hukosea tahajia. Anunue kwa mtu atakayekubali kukirejesha kipuri kikikataa, na adai risiti.

Nirudi kwa ndugu zangu walimu. Mafundi waliolelewa na pointi wanazeeka. Ujuzi wao haukuandikwa. Umo katika vidole na masikio. Vijana wanaofuzu leo hufundishwa kusoma hitilafu kwa kompyuta, jambo jema na la lazima, lakini distribyuta ya Peugeot 404 haina tundu la kuchomekea kompyuta. Ujuzi huo ukizikwa na wazee hawa, magari yatakayopotea si ya matajiri, kwa kuwa tajiri ataagiza fundi kutoka ng'ambo. Yatakayopotea ni ya yule mzee wa maziwa na yule mjane.

Pendekezo langu si la gharama kubwa. Shule iliyo karibu na gereji ya jua kali imwalike fundi mkongwe siku moja kwa muhula. Aje na distribyuta kuukuu, koili mbili za ukinzani tofauti na plagi chache zilizotumika. Wanafunzi wapime ukinzani kwa mita zao, wapige hesabu za ampea, wazisome plagi: ile nyeusi kwa masizi, ile nyeupe kwa joto kupita kiasi, ile ya rangi ya kahawia hafifu iliyo na afya. Cheche yenyewe ionyeshwe na fundi pekee, wanafunzi wakisimama mbali, kwa maana volti elfu kumi hazina mzaha. Mwalimu wa Kiswahili naye asiachwe nje. Awaulize wanafunzi tuseme nini badala ya majina tunayoyatamka nusunusu, na awaandikishe maelezo ya kazi hiyo kwa lugha inayoeleweka na fundi mwenyewe.

Mzee wa maziwa anaporauka alfajiri na kuzungusha ufunguo wake, hahitaji mhadhara wa Faraday. Anahitaji kijana aliyesoma omu 3 na omu 1.5 darasani, akaelewa, na akathubutu kumwambia mwenye duka: hii siyo, nipe ile nyingine. Tukimlea kijana huyo, tutakuwa tumefanya kazi yetu.